Kutu Nyeupe Inakula Mtaji Stoo

Ni nadra kumkuta muuza vifaa vya ujenzi wa Unguja aliyeweka saruji sakafuni. Ataiinua juu ya mbao na kuitenga na ukuta. Lakini maboksi ya boliti, nati na skrubu za kuezekea hurundikwa popote, kwa hoja kwamba chuma kilichopakwa zinki hakishiki kutu. Masika yakimalizika, boksi likifunguliwa, mzigo umejaa unga mweupe kama chokaa. Mteja anaukataa, na mwenye duka anakilaumu kiwanda.

Kwa maoni yetu, mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Zinki mpya ikipata hewa kavu hujijengea ngozi nyembamba inayoilinda. Ikikaa na majimaji mahali pasipopita hewa, ngozi hiyo haipatikani na zinki yenyewe hugeuka unga. Chumvi ya bahari huzidisha mambo, kwani huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Sasa itazame stoo ya chini ya nyumba ya Mji Mkongwe: kuta za mawe na chokaa zinazonyonya maji, dirisha limefungwa kwa kuogopa wezi, maboksi ya karatasi yamebanana ukutani. Kodi yake huenda ikawa nafuu, lakini tofauti inalipwa kwa bidhaa.

Wapo wanaopiga brashi, wakapaka mafuta na kuuza kwa bei ya mpya. Unga ukiwa mwepesi hakuna ubaya, mradi mzigo ukaushwe kwanza. Ukiwa mzito, au chini yake pana madoa meusi au mekundu, huo ni udanganyifu. Zinki inayopakwa kwa umeme aghalabu ni maikroni 5 hadi 12 tu, nyembamba kuliko unywele. Kinacholiwa stoo kinapunguza umri wa paa la Nungwi au Paje, ambako upepo wa bahari haupumziki. Mzigo kama huo uuzwe kwa kazi za ndani, kwa bei ya chini, na mnunuzi aambiwe.

Kinga yenyewe haina gharama kubwa. Boksi lililolowa bandarini lifunguliwe siku hiyo hiyo, mzigo ukaushwe na karatasi ibadilishwe. Kufunika kila kitu kwa nailoni, kama wengi wafanyavyo, ni kuufungia unyevu ndani. Msambazaji naye aulizwe kama mzigo umepitishwa kwenye dawa ya kromiamu baada ya zinki. Na kabla ya masika, ununuliwe mzigo wa wiki chache, si wa miezi sita, hata kama punguzo la bei linavutia.

Mwenye kuweka fedha zake katika duka la aina hii, au anayepokea mzigo kuwa dhamana ya deni, asihesabu maboksi ya mbele. Aombe yale ya chini kabisa, yaliyogusa ukuta, yafunguliwe mbele yake kabla hajakubali bei.