Kutangulia si Kufika

Ndugu msomaji, je, umewahi kumwahidi mtoto jambo, kisha mwili wako ukakataa kuitimiza ahadi hiyo? Mimi yamenifika. Wiki tatu kabla ya mbio za mtaani kwetu, mbio fupi za kilomita 3 ambazo wazazi hukimbia pamoja na watoto wao, nilishuka vibaya katika daladala nikateguka kifundo cha mguu wa kulia. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 9, alikuwa amekwisha kutundika fulana zetu mbili ukutani, yake na yangu. Ahadi ni deni, na mdai wangu alinitazama kila asubuhi.

Daktari alinieleza kwamba mifupa ilikuwa salama. Zilizoumia ni kano zinazoushika mfupa na mwenziwe. Lau ningalishindwa kukanyaga hata hatua nne, au mfupa wenyewe ungaliuma ulipobonyezwa, angalinipeleka kupigwa picha ya eksirei. Siku za mwanzo niliupumzisha mguu, nikauwekea barafu iliyoviringwa kitambaani, nikaufunga bandeji na kuuinua juu ya mto. Baadaye nikaanza kutembea kidogo kidogo. Onyo la daktari lilikuwa fupi: nisikimbie mpaka niweze kutembea bila kuchechemea, na kusimama kwa mguu huo mmoja bila maumivu.

Siku mbili kabla ya mbio nilikuwa nikitembea vizuri, lakini kusimama kwa mguu mmoja kulinishinda. Usiku ule nilimwita binti yangu nikamwambia kwamba tutatembea, hatutakimbia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Mbona Akhwari alimaliza, baba?"

Naam, nilinaswa katika mtego nilioutega mwenyewe! Kwani ni mimi niliyekuwa nikimsimulia habari za John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa moja nyuma, na giza limeingia, ndipo Akhwari alipofika uwanjani akichechemea, wa 57 na wa mwisho miongoni mwa waliomaliza.

Kumwambia mtoto kwamba habari ile haituhusu kungekuwa kuivunja mbele ya macho yake. Nikamjibu: "Mwanangu, Akhwari alimaliza kwa mwendo ambao goti lake lilimruhusu. Nasi tutakwenda kwa mwendo wa mguu wangu." Hakuridhika, lakini alilala.

Siku ilipowadia, filimbi ilipulizwa na watoto wakatimka. Binti yangu alinishika mkono, nami nilihisi jinsi mkono ule ulivyovuta. Akina mama wenye watoto mgongoni walitupita. Jirani mmoja akaniuliza kwa sauti kama nimezeeka. Kusema kweli, niliona haya, nikakimbia hatua kama thelathini hivi. Kifundo kikanichoma, nikatambua kwamba sikuwa nikikimbia kwa ajili ya mtoto bali kwa ajili ya macho ya majirani. Nikasimama. Nikamwomba mama wa mwanafunzi mwenzake aende naye, nikamwambia binti yangu: "Tangulia, mimi ninakuja." Alinitazama, akaenda.

Nilifika uwanja wa shule wakati vijana wameanza kukunja kamba. Hatua chache kabla ya mstari wa mwisho nilimwona binti yangu ameketi chini, fulana imelowa jasho.

"Shemeji," mama yule akaniambia, "nimemsihi avuke, amekataa katakata. Anasema hamjamaliza."

Binti yangu aliinuka, akajipangusa vumbi, akanishika mkono. Tukavuka mstari, wa mwisho kabisa, huku kamba ikiwa nusu imekunjwa. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Siku hiyo mtoto alinionyesha maana yake.

Ndugu mzazi, usimfiche mwanao kwamba mguu, mgongo au kifua chako kinauma. Mtoto anayemwona baba akimeza maumivu ili asichekwe, naye atayameza ya kwake, na siku atakapoumia kweli hutajua. Mweleze unachoweza na usichoweza, kisha utimize kile ulichosema unakiweza, hata kama ni kutembea. Wala usimfunge mtoto mwenye nguvu kwenye mwendo wako. Mwache akimbie, mradi yupo mtu mzima unayemwamini wa kwenda naye.

Ama mimi, kila asubuhi ninapopiga mswaki husimama kwa mguu wa kulia peke yake, kama daktari alivyonielekeza, ili kifundo kirudishe nguvu zake. Binti yangu husimama mlangoni akihesabu, na nikigusa ukuta huanza upya bila huruma. Jana tulifika thelathini. Fulana zetu zimerudi ukutani.