Bury msiipitie juu juu

Ndugu mwandishi, umeieleza vizuri sheria ya Uingereza ya 2025 iliyounda msimamizi huru wa soka, ila klabu ya Bury umeigusa kidogo mno. Klabu ya tangu 1885, mabingwa wa Kombe la FA 1900 na 1903, iliuzwa Desemba 2018 kwa pauni 1. Ligi iliacha mauzo yakamilike kabla mnunuzi hajathibitisha kuwa ana fedha za kuiendesha! Wachezaji walipanda daraja huku mishahara imekwama. Tarehe 27 Agosti 2019 mashabiki walikuwa kwenye uwanja wao wa Gigg Lane wakifuta viti kwa kujitolea, wakiamini mechi ingechezwa. Usiku huohuo klabu ikafukuzwa kwenye ligi.

Sasa, chini ya sheria hiyo, mnunuzi atachunguzwa fedha zake zinatoka wapi kabla hajakabidhiwa klabu. Hapo ndipo penye uzito, kuliko faini zote ulizozitaja.

Huku Tanzania, kwenye klabu za wanachama, tumewaachia wanachama asilimia 51 ya hisa, nami naunga mkono hilo. Lakini hisa hazilipi mshahara wa kipa. Shirikisho la soka, TFF, lichapishe hesabu zilizokaguliwa za kila klabu ya Ligi Kuu, wanachama tuzisome kabla msimu haujaanza.