Faranga Iliyopotea Njia na Kilo Iliyopotea Mizanini

Katika mikutano yetu ya matawi hapa Rusizi, iwe kwa wachumaji wa chai milimani au kwa wenzetu wa saruji na mpunga kule bondeni Bugarama, kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi baada ya mkutano kwisha. Swali lenyewe ni hili: mtu akirudishiwa pesa kwa makosa, azirudishe au akae nazo? Leo tunalijibu mbele ya wote, kwa sababu jambo linalojadiliwa pembeni tu huzaa fitina ndani ya chama.

Tuchukue mfano ili tuelewane. Wafanyakazi ishirini walimaliza mkopo wao, lakini makato yakaendelea miezi miwili zaidi. Wakadai kupitia wajumbe wao, wakashinda, na mwajiri akakubali kumrudishia kila mmoja faranga 8,000. Karani akaandika orodha na pesa zikatumwa. Siku ya pili karani mwingine, ambaye hakuwa na habari, akaituma orodha ile ile tena. Basi kila mmoja akakuta 16,000 badala ya 8,000. Elfu nane ya kwanza ni jasho lake, wala hana haja ya kumshukuru mtu. Je, elfu nane ya pili ni ya nani?

Tunasikia majibu matatu. Wa kwanza husema: "Ni riziki, Mungu ameniona." Wa pili husema: "Sikuiba mimi, kosa ni lao, watajijua." Wa tatu, na huyu ndiye mwenye hoja nzito, husema: "Tajiri huyu ametunyonya miaka mingi. Kilo zangu ngapi zimepotea mizanini? Hii ni fidia yangu."

Sisi tunasema pesa hiyo irudishwe. Lakini tunasema pia irudishweje na kwa masharti gani, maana kuna njia ya kurudisha inayomwinua mfanyakazi na nyingine inayomdidimiza.

Tuanze na sheria. Kanuni ya kurudisha kilicholipwa kwa makosa ni ya zamani na ipo pande zote zinazotuzunguka. Ng'ambo ya mto, Kongo, imo katika dikrii ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ilichota kutoka sheria ya raia ya Ufaransa ya mwaka 1804. Upande wa Tanzania imo katika Sheria ya Mikataba, kifungu cha 72, iliyotokana na sheria ya India ya mwaka 1872. Maneno yanatofautiana lakini maana ni moja: aliyepokea kisicho chake kwa makosa ana deni, hata kama kosa halikuwa lake. Wazee wetu hawakusoma dikrii yoyote, lakini walijua kwamba ng'ombe aliyepotea akaingia zizini mwako hageuki kuwa wako kwa sababu alikuja kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo wale wawili wa kwanza wamejibiwa. Riziki haiji na jina la mtu mwingine juu yake. Na kusema "kosa ni lao" ni kweli, lakini kosa la mtu halikupi mali yake. Dawa ya deni ni kulipa.

Sasa tumsikilize yule wa tatu, kwa sababu anasema jambo la kweli. Unyonyaji upo. Kilo hupunguzwa kwa kisingizio cha majani kuwa na maji, siku ya kazi husahaulika daftarini, saa za ziada hugeuka sadaka. Hatumwambii kwamba anaota. Tunamwambia kwamba fidia ya namna hii haimfidii.

Kwanza, tutazame imemfikia nani. Pesa ya makosa iliwafikia wale ishirini waliokuwa katika orodha. Mama aliyepunjwa kilo msimu mzima hakuwamo, na kibarua aliyefutiwa siku zake sita hakuwamo. Fidia ya haki humtafuta aliyedhulumiwa, lakini hii imempata aliyekuwa karibu na bahati tu.

Pili, tutazame imetoka kwa nani. Faranga 160,000 zilizopungua haziendi moja kwa moja kugonga mlango wa mwenye hisa. Huanza kumtafuta mtu wa karibu, na mtu huyo ni karani. Naye ni mfanyakazi kama sisi, ana watoto, ana mwajiri juu yake. Ndivyo ilivyo pia kwa wakala wa pesa za simu pale Kamembe. Akikosea tarakimu moja, pengo hulijaza kwa mfuko wake. Ukikaa na pesa ile ukadhani umemkomoa tajiri, huenda umemkomoa binti wa jirani yako anayekaa juani kutwa nzima.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tutazame tunapoteza silaha gani. Silaha yetu ni daftari. Mfanyakazi hana fedha za mawakili wala hana askari. Ana kilo zake alizoandika, siku zake alizohesabu, karatasi yake ya mshahara, na mdomo wa kusema: "Hesabu hii si sawa, irekebishwe." Siku utakapokubali kwa siri kwamba kosa likiwa upande wako likae hivyo hivyo, utamwambia nini mwajiri kosa likiwa upande wake? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Anayekula kimya hawezi tena kudai kwa sauti, na mwajiri mwerevu anaweza kuliona kosa lile, akanyamaza, akaliweka akiba mpaka siku utakaposimama kudai haki, ndipo alitoe.

Wengine watasema uaminifu huu ni mzigo wa maskini tu, na kwamba wakubwa hawaubebi. Hapo wana haki ya kuuliza. Agosti 2020 benki ya Citibank ya Marekani ilikusudia kulipa riba ya dola kama milioni 8 kwa niaba ya kampuni ya vipodozi ya Revlon. Kwa kosa la makarani na mashine ikatuma karibu dola milioni 900. Baadhi ya waliopokea walirudisha. Wengine, mabwana wakubwa wa fedha, wakakaa na dola kama milioni 500, wakasema tulikuwa tunaidai kampuni hiyo, basi hii ni yetu. Februari 2021 hakimu akawapa ushindi. Benki ikakata rufaa, na Septemba 2022 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu ile. Angalieni, ndugu: hoja ya mabwana wale ni dada ya hoja ya mwenzetu wa tatu. Walikuwa na deni la kweli, wakataka walilipize kwa njia ya makosa. Hakuna aliyewafuata usiku kuwakamata, walikuwa na mawakili. Mchumaji wa chai akifanya hivyo hapati miaka miwili ya kubishana. Anaitwa mwizi asubuhi, na jioni hana kazi.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Tarehe 16 Machi 2024, kwa hitilafu ya mitambo, Benki ya Biashara ya Ethiopia iliwaruhusu wateja kutoa na kutuma pesa kuliko walizokuwa nazo. Habari ikaenea usiku ule, hasa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, na benki ikasema imepungukiwa zaidi ya birr milioni 800. Wakuu wa benki wakatangaza kwamba atakayerudisha kwa hiari yake hatashtakiwa, na maelfu wakarudisha. Waliochelewa walibandikwa majina na picha hadharani. Tunajifunza mambo mawili hapo. Watu wengi hurudisha wakifunguliwa mlango wa heshima. Na pesa ya makosa haina siri, kwa sababu mashine iliyokosea ndiyo hiyo hiyo iliyoandika jina lako.

Basi sasa masharti yetu. Hatumwambii mfanyakazi arudishe akiwa amepiga magoti.

Sharti la kwanza: hesabu ionyeshwe. Mwajiri aonyeshe kwa maandishi ni kiasi gani, cha siku gani, na kosa lilitokeaje, mbele ya wajumbe wa wafanyakazi. Neno la kapita peke yake halitoshi.

Sharti la pili: pesa isinyakuliwe kwenye mshahara wa mwezi mmoja. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaeleza kwamba makato ya mshahara yafuate sheria ya nchi au mapatano ya pamoja, na kwamba mshahara ulindwe kwa kadiri inayohitajika kumtunza mfanyakazi na jamaa yake. Mtu aliyelipwa kwa makosa mwezi wa tatu, akaambiwa mwezi wa saba, amekwisha kulipa karo na kununua maharage. Arudishe, lakini kidogo kidogo, kwa mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Sharti la tatu: pasiwe na tusi wala adhabu. Aliyepokea bila kujua si mwizi. Karani aliyekosea mara moja katika kazi ya orodha ndefu naye si mwizi. Chama kitamtetea huyu kama kitakavyomtetea yule.

Sharti la nne ndilo moyo wa maneno yetu: mizani iwe moja kwa pande zote. Siku tunapokaa mezani kurekebisha kosa lililomwumiza mwajiri, siku hiyo hiyo tunafungua ukurasa wa makosa yaliyotuumiza sisi. Kilo zilizokatwa zihesabiwe. Siku zilizofutwa ziandikwe. Kodi ya mshahara itazamwe, kwani kwa sheria ya mwaka 2022 haianzi mpaka kipato cha mwezi kipite faranga 60,000. Michango ya pensheni nayo itazamwe. Tangu Januari 2025 mchango umepanda kutoka asilimia 6 mpaka 12, nusu yake ikitoka kwako na nusu kwa mwajiri. Kila mmoja aulize RSSB kama kilichokatwa kwake kimefika, maana mchango uliokatwa usifike ni kosa kubwa kuliko elfu nane iliyotumwa mara mbili. Tukishindwa kuelewana, mlango wa mkaguzi wa kazi wa wilaya uko wazi, na baada yake mahakama.

Mwanachama atauliza: kwa vitendo nifanye nini? Pesa ikiingia usiyoielewa, usiiguse. Mwambie mjumbe wako siku ile ile. Nenda naye ofisini, na usirudishe fedha mkononi bila kupewa risiti. Ikiwa umekwisha kuitumia kwa kudhani ni yako, sema hivyo hivyo bila woga, mkapange jinsi ya kulipa.

Na tahadhari moja juu ya pesa za simu. Kuna matapeli wanaotuma ujumbe wa uongo kwamba umepokea pesa, kisha wanakupigia wakilia: "Ndugu, nimekosea, nirudishie kwa namba hii." Usitume kitu. Angalia kwanza salio lako lenyewe, usiuamini ujumbe peke yake. Ikiwa pesa imeingia kweli, mwache aliyekosea aende kwa kampuni ya simu, na kampuni iirudishe ilikotoka. Uaminifu hautaki haraka.

Ndugu wafanyakazi, hatuandiki haya ili mwajiri atusifu. Sifa zake hazinunui chumvi. Tunaandika kwa sababu kila mwaka tunakwenda mezani na daftari, na daftari letu lina nguvu kwa sababu moja tu: halina uongo ndani yake. Mfanyakazi anayerudisha elfu nane isiyo yake, mbele ya mashahidi na risiti mkononi, ndiye anayeweza kusimama kesho yake akasema: "Bwana, mimi nimerudisha yako. Sasa nirudishie kilo zangu."

Atakapoyasema hayo, chama kizima kiwe nyuma yake.

Umoja ni nguvu.