Harufu ya Dawa Haiui Mende

Katika miji yetu, mtu anayetaka kuwaondoa mende nyumbani huanza na swali moja: dawa gani ni kali? Humuuliza muuza duka la pembejeo. Humuuliza machinga ambaye kipaza sauti chake hutangaza dawa ya panya, mende, kunguni na viroboto kutwa nzima. Humuuliza na mpiga dawa anayekuja na bomba mgongoni. Nyumba ikipulizwa hadi macho yakawasha na koo likakauka, mwenye nyumba huridhika kwamba kazi imefanyika. Dawa isiponuka, hudai ameibiwa. Imani hii, kwamba mende hushindwa kwa ukali wa sumu na kwamba ukali huo hupimwa kwa pua, ndiyo inayowadumisha mende majumbani mwetu, inawatajirisha wababaishaji na kuwaumiza watoto. Wakati wa kuiacha umefika.

Tumjue kwanza tunayepambana naye. Mende wa jikoni, yule mdogo wa rangi ya kahawia hafifu mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, hatagi mayai ovyo. Jike huyabeba kwenye kifuko kinachochomoza mwishoni mwa tumbo, mayai 30 hadi 40 kwa kifuko kimoja, na hukiachia yanapokaribia kabisa kuanguliwa. Ganda la kifuko hicho huyakinga mayai dhidi ya dawa nyingi za kupuliza, hivyo mama anaweza kufa leo na watoto wakatoka kesho. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, watoto hao huchukua miezi miwili hivi kukomaa na kuanza kuzaa. Ndiyo maana lalamiko ni lilelile kila mtaa: tulipiga dawa, wakapotea wiki tatu, sasa wamerudi. Wengi wa hao hawakurudi kutoka popote. Walizaliwa humo humo ndani, baada ya mpiga dawa kulipwa na kuondoka.

Tena mende huyo hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa amejibanza. Yuko nyuma ya mota ya friji, kwenye bawaba za kabati, chini ya sinki, ndani ya mwanya wa milimita chache kati ya ukuta na rafu. Bomba la dawa hulowesha sakafu na kuta, mahali ambapo yeye hupita tu. Na dawa nyingi za kupuliza zinazotumika majumbani ni za kundi la pairethroidi, ambazo humkera mende na kumtoa mbio kabla hazijamuua. Akikurupuka huingia chumba cha kulala, au hufuata bomba la maji mpaka kwa jirani wa ghorofa ya juu. Mwenye nyumba akiwaona wakianguka sakafuni husema dawa imekubali. Waliokubali ni wale waliokuwa nje. Kundi kubwa lililojificha limetawanyika, na sasa mafichio yake ni mengi kuliko jana.

Wapo watakaosema, basi tuongeze dozi. Njia hiyo imejaribiwa kwa miaka 70 na zaidi, na matokeo yake yanajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mende wa jikoni wa Corpus Christi huko Texas, Marekani, walionekana kustahimili klodeni, sumu iliyotegemewa sana wakati ule. Tangu hapo makundi ya sumu yamefuatana, na mende wamezoea moja baada ya jingine. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wakiongozwa na Michael Scharf walionyesha kwamba mende wanaweza kurithi ustahimilivu dhidi ya makundi kadhaa ya sumu kwa mpigo, zikiwemo sumu ambazo hawajawahi kukutana nazo, na kwamba ustahimilivu huo uliweza kupanda mara nne hadi sita katika kizazi kimoja. Kila unapopuliza ukawaua wanyonge na kuwaacha wagumu, unawachagulia wagumu hao nafasi ya kuzaa.

Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walipeleka makopo ya kufukiza, yale unayoyafungua ukafunga mlango na kuondoka, kwenye nyumba za watu zenye mende. Mende hawakupungua, lakini mabaki ya sumu yalionekana sakafuni na kwenye meza za jikoni. Nyumba nyingine ziliwekewa chambo cha jeli, na humo mende walipungua sana. Mizinga ile ya moshi ilijaza nyumba nzima, na jeli iliwekwa kwa matone. Matone yalishinda kwa sababu yaliwekwa pale mende alipo.

Hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu gharama ya ujinga huu hailipwi kwa fedha peke yake. Wapo wapiga dawa wanaotumia viuatilifu vya shambani ndani ya vyumba vya kulala, na wapo wauzaji wanaomimina sumu kwenye chupa za maji na za soda, bila lebo, bila jina, bila maelezo ya dozi. Sumu za kundi la oganofosfeti, kama ile inayojulikana sokoni kwa jina la DDVP, huvuruga mawasiliano kati ya neva na misuli. Mtu hutokwa mate na jasho, mboni za macho husinyaa, pumzi hubana. Njia inayomuua mende ndiyo inayomuua mtoto anayetambaa sakafuni na kulamba vidole vyake. Oktoba 2024, watoto sita wa Naledi, Soweto, nchini Afrika Kusini, walikufa. Serikali ilitangaza kwamba kilichowaua ni terbufosi, kiuatilifu cha shambani ambacho huko huuzwa kienyeji mitaani kuulia panya. Soko la sumu isiyo na lebo tunalo na sisi, na linastawi kwa sababu mteja anaulizia ukali.

Sisemi mende waachwe. Kinyesi chao na maganda wanayojivua huamsha pumu, na utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu watoto wa miji ya Marekani ulionyesha kwamba wale wenye mzio wa mende, wanaoishi katika nyumba zenye uchafu mwingi wa mende, ndio waliolazwa hospitali mara nyingi zaidi. Mende hutoka chooni akatembea juu ya kijiko. Lazima aondolewe. Ninachopinga ni kumlipa mtu atutie sumu mapafuni na kumwacha mende kabatini.

Fundi wa kweli utamjua kabla hajafungua chombo chochote. Huja na tochi. Huvuta friji, hupiga magoti chini ya sinki, hufungua droo, huuliza mende wanaonekana wapi na saa ngapi. Huweka mitego ya gundi usiku kucha ili ajue wamejaa upande gani. Hutofautisha mende wa jikoni na yule mkubwa mwekundu anayetoka kwenye chemba na karo, kwa sababu huyo mkubwa hapunguzwi kwa kupuliza makabati. Kwake kazi iko nje: mifuniko ya chemba ikazwe, matundu ya mabomba yazibwe, na dawa ya kupuliza, ambayo hapo ina nafasi yake, iishie humo shimoni.

Jikoni, fundi huyo huweka jeli kwa vitone vidogo vingi, kwenye bawaba, kwenye nyufa, nyuma ya mota. Jeli za fipronili hubeba sumu kidogo mno, mara nyingi asilimia 0.05 au chini ya hapo, nazo haziui papo hapo. Ucheleweshaji huo ndio siri yake. Mende hula, hurudi mafichoni, hufia humo, na watoto wake ambao hawatoki nje hula kinyesi chake na mzoga wake nao wakafa. Sumu kali ya kuangusha mara moja isingeweza kufanya hivyo. Fundi hubadilisha aina ya jeli kila baada ya muda, kwani miaka ya 1990 mtafiti Jules Silverman alieleza habari za mende wa Florida waliokataa chambo chenye glukosi, na baadaye, mwaka 2013, ikabainika kwamba kwa mende wa aina hiyo glukosi ina ladha chungu. Atakuonya usipulize dawa karibu na jeli, maana utawafukuza wateja wa chambo chako mwenyewe. Atakuambia utengeneze bomba linalovuja, kwa kuwa mende wa jikoni asiye na maji hamalizi wiki mbili, ilhali akiwa na maji anaweza kukaa mwezi bila chakula. Na baada ya wiki mbili atarudi, kwa ajili ya waliokuwa bado mayai siku ile ya kwanza.

Kwenye biashara imani hii ya ukali imevaa suti na kupewa karatasi. Mgahawa hufungwa Jumapili jioni, hupulizwa, hupata cheti cha kuonyesha bwana afya, na Jumatatu unafunguliwa. Jumanne katoni za mayai na makreti ya soda yanaingia na mende wapya ndani yake, wala hakuna anayeyakagua. Cheti kinathibitisha kwamba dawa ilipigwa. Hakithibitishi kwamba mende wamekwisha. Halmashauri zinazotaka kulinda walaji ziache kuridhika na tarehe iliyogongwa muhuri, zidai mitego ya gundi iliyoandikwa tarehe na idadi ya mende walionaswa kila wiki. Mtego haudanganyi wala hauhongwi.

Najua hoja itakayofuata: jeli na ziara mbili ni ghali, na mpangaji hana uwezo. Basi apige hesabu ya mwaka mzima ya kupuliza kila baada ya miezi miwili, aongeze vyombo vilivyooshwa upya, magodoro yaliyoanikwa, usiku wa kulala kwa ndugu. Nyumba ya vyumba vingi au ghorofa lenye wapangaji kumi haliwezi kusafishwa chumba kimoja kimoja, kila mmoja kwa siri yake. Mficha uchi hazai. Wapangaji wakutane, wamwambie mwenye nyumba, mafundi waingie vyumba vyote siku moja, na gharama igawanywe. Hapo bei itashuka na kazi itakuwa na maana.

Sheria nazo zipo. Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na Kenya ina bodi yake, PCPB. Dawa halali ina lebo na namba ya usajili. Isiyo nayo isivuke kizingiti cha nyumba yako, hata ikisifiwa namna gani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimlipe mtu kwa harufu aliyoiacha. Mtake akuonyeshe mende walipo, akutajie jina la dawa na namba yake, akuandikie siku atakayorudi. Mpe nusu ya malipo siku ya kwanza, na nusu nyingine baada ya wiki nne, mitego ikiwa mitupu.