Mizani Iliyolegezwa

Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alitunga makala ya uwongo juu ya dawa ya saratani, akayatia makosa ya wazi. Aliyapa majina ya wataalamu wa Kiafrika wasiokuwako, mmoja akidaiwa kuwa wa Asmara, kisha akayapeleka kwa majarida 304 ya kitaalamu. Majarida 157 yaliyakubali, 98 yaliyakataa.

Desturi ni mhariri kuwapa wajuzi makala wayapime kwanza. Lakini majarida hayo huishi kwa ada anayotozwa mwandishi, na kila makala yanayokataliwa ni fedha inayopotea.

Madhara hayakomi chuoni. Mkulima wa mahindi wa Naitiri, kule Bungoma, hasomi majarida hayo. Ila mbegu anayoshauriwa kupanda na dawa anayompa mwanawe hutegemea tafiti zilizopimwa hivyo. Mizani ikilegezwa mjini, hasara huvunwa shambani.

Wasomaji wetu wanajua jinsi wakusanyaji wa Hadithi walivyomchunguza kila mpokezi. Kupima ni kutoa ushahidi. Basi asiyeijua fani na airudishe kazi, na mhariri asiuze muhuri wake.