Jirani Naye ni Sehemu ya Shamba

Mkulima, siku ulipopata shamba lako katika skimu uliuliza mambo mengi. Mpaka uko wapi? Maji yako mbali kiasi gani? Udongo wafaa mahindi au pareto? Deni la shamba litalipwa kwa miaka mingapi? Hayo yote ni maswali mazuri. Lakini je, uliuliza utakaa na jirani wa namna gani?

Swali hilo limo katika hadithi moja ambayo yakufaa sana. Jina lake ni The Promised Land, yaani Nchi ya Ahadi. Iliandikwa na Bi. Grace Ogot, mzaliwa wa Nyanza, ikatolewa mwaka 1966. Wakati huo maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kuhamia mashamba ya mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962.

Ochola ni Mjaluo wa Nyanza. Anasikia kwamba Tanganyika kuna ardhi tele yenye rutuba. Mkewe, Nyapol, hapendi kuwaacha jamaa zake, lakini Ochola amekwisha kata shauri. Wanahama. Huko wanafanya kazi kwa bidii, nao wanatajirika. Lakini jirani yao, mzee mmoja mganga, anamwonea Ochola wivu. Kisha Ochola anashikwa na ugonjwa wa ajabu, na ngozi yake yaota kama miiba. Hata hapo hataki kuondoka, maana moyo wake umefungwa na mali. Mwisho wanarudi kwao, na mali inabaki nyuma.

Wako wasemao kwamba kitabu hiki chawafundisha watu kuogopa uchawi. Mimi sikubali. Ukiamini uchawi au usipoamini, wivu upo, nao huanza kwa mambo madogo: ng'ombe aliyeingia katika mahindi ya mwenzako, jembe lililoazimwa lisirudishwe, salamu isiyoitikiwa. Ochola hakuwa mvivu. Bidii alikuwa nayo, wala haikumtosha.

Usifikiri kwamba haya ni ya hadithi tu. Mwaka 1992, na tena mwanzo wa mwaka 2008, watu wengi walifukuzwa mashambani mwao huko Molo na Burnt Forest. Wengi hawakuwa na kosa lolote. Waliokuwa na ghala zilizojaa waliondoka mikono mitupu, kama Ochola. Na baadhi ya waliookoka walifichwa na majirani wa kabila jingine. Wahenga walisema kweli: heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Basi, mkulima, fanya hivi. Mtembelee jirani yako kabla hamjawa na neno la kugombania. Mkiwa na shaka juu ya mpaka, itaneni mbele ya wazee mapema. Na mkeo akikuambia kuna jambo lisilo sawa, msikilize.

Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Kama hukijui, mwambie mtoto wako wa sekondari akisome jioni, awaeleze nyote kwa lugha ya nyumbani. Mwalike na jirani aje asikilize.

Serikali yaweza kukupa hati ya shamba. Jirani mwema utamtafuta mwenyewe.