Picha Haionekani? Usilaumu Mtandao Kwanza

Leo tuzungumzie ugonjwa unaosumbua kurasa binafsi nyingi. Kijana wa hapa Galbet anatengeneza ukurasa wake, na kwenye kompyuta yake unapendeza kweli. Rafiki yake akiufungua Eastleigh anaona kisanduku kitupu mahali pa picha, na maandishi yamegeuka sura. Utasikia: "Ah, ni mtandao wa Garissa huo!"

Mimi sikubali. Mtandao ukiwa mzito, picha huchelewa. Kiungo kikiwa kibovu, picha haifiki hata ungoje mpaka kesho. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Tuanze na picha. Ukiona anwani ya picha inaanza na C:, ujue picha hiyo iko ndani ya kompyuta yako tu, na dunia nzima haiwezi kuingia humo. Weka picha kwenye folda moja na ukurasa, kisha andika njia fupi kama duka.jpg. Halafu kagua herufi. Windows haijali kama faili linaitwa Duka.JPG au duka.jpg, lakini seva nyingi hutumia Linux, na kwa Linux hayo ni mafaili mawili. Tumia herufi ndogo tupu, bila nafasi katikati ya jina, utapumzika. Ukitaka uhakika, fungua anwani ya picha yenyewe peke yake. Ukijibiwa 404, mtandao hauna kosa. Umefika mpaka kwenye seva ukarudi na jibu.

Sasa fonti. Håkon Wium Lie alipopendekeza CSS mwaka 1994, wazo lake lilikuwa kwamba matakwa ya mwandishi na ya msomaji yakutane. Kwa hiyo fonti unayoitaja ni ombi, si amri. Verdana ilitoka Microsoft mwaka 1996, na simu za Android haziji nayo. Ukiitaja peke yake, simu itajichagulia nyingine. Malizia orodha yako na sans-serif, uamue angalau aina ya herufi zitakazotumika.

Kuna kosa jingine linaloniudhi zaidi. Kisomali, tangu kilipopewa rasmi hati ya Kilatini mwaka 1972, hutumia alama ya ' ndani ya maneno, kama go'aan. Kiswahili nacho kina ng'ombe. Ukinakili maandishi kutoka Word, alama hiyo mara nyingi huwa imepindwa. Ukurasa usipotangaza kuwa umeandikwa kwa UTF-8, msomaji anaweza kuona ng’ombe. Hebu fikiria, mji wenye soko la mifugo linalojulikana Kenya nzima, halafu ukurasa wake hauwezi kuandika ng'ombe! Hapo hata fonti ya bei ghali haisaidii. Dawa ni mstari mmoja juu ya ukurasa: meta charset="utf-8", na faili lenyewe lihifadhiwe hivyo hivyo.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu tumezoea kuambiwa tuko mbali, mpaka kosa la herufi moja tunaliita umbali. Mwenye duka akiamini kwamba tatizo ni mtandao, ataacha ukurasa wake ufe, na mteja atamwona kama mtu asiye makini. Kumbe dawa ilikuwa ya dakika tano na haina gharama.

Sisemi mtandao hauna lawama kabisa. Picha ya simu yenye MB 4 ni mzigo kwa mtu anayenunua bando la siku, basi ipunguze kabla ya kuipandisha, na uiandikie maelezo kwenye alt ili asiyeiona ajue ni picha ya nini.

Kwangu mimi, ukurasa haujaisha mpaka ufunguke kwenye simu ya mtu mwingine. Azima ya jirani leo, ujaribu.

Haya, kazi kwenu.